Sura ya Nne: Tembo Aliyesingiziwa

Kitu cha kwanza kilichomsimamisha Inspekta pale chini ya mti hakikuwa damu. Yalikuwa matunda. Yalitapakaa ardhini kila upande, makubwa kama ngumi ya mwanamume, machache bado ya manjano, mengi yameshaoza na kutoa harufu kali kama ya pombe iliyochacha. Nzi wadogo waliyazunguka kama moshi.

"Hapa ndipo alipokutwa," Mkuu wa Kituo cha misitu alisema, akionyesha kwa fimbo yake. "Kifudifudi, mbavu zimesagika. Na kinyesi kile pale. Mtu aliyezaliwa jana ndiye atakayeuliza nani kafanya haya."

"Basi nihesabu mimi nimezaliwa jana. Nani?"

"Tembo, Inspekta."

"Mlimwona?"

"Tembo haonekani mpaka atake mwenyewe."

Koplo, aliyekuwa nyuma akihema na kujifuta jasho kwenye tumbo lake la kutangulia, alianza kucheka. Akautazama uso wa bosi wake, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Kazini Inspekta walimwita Msumari. Si kwa ukali; alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na buti za mvua alizovaa siku hiyo zilimzidi mguu. Walimwita hivyo kwa sababu akishaingia kwenye jambo, kumng'oa ni shughuli. Na jambo hili aliingizwa na daktari wa hospitali aliyeipasua maiti. Marehemu alikuwa askari wa msitu, mtu wa makamo, na taarifa ya kituo ilisema tembo alimkanyaga. Daktari alikuta kifua kimepondwa kweli. Lakini kwenye kola ya shati na ndani ya nywele alikuta unga mwekundu wa mbao. "Inspekta," alimwambia kwenye simu, "sijawahi kusikia tembo anayefanya useremala."

Mkuu wa Kituo alikuwa na jibu lake. Marehemu alikuwa akijitengenezea banda la kuku nyumbani. Unga wa mbao ulikuwa wa huko.

"Na wale watu wenye bunduki niliowaona kituoni?"

"Wapiga risasi wa idara. Kesho asubuhi wanavuka mto. Kuna kundi dogo la tembo lililobaki kule, majike na watoto wao. Mmoja lazima aanguke."

"Yupi?"

"Atakayekutwa mbele."

"Hata kama siye?"

Mkuu alitabasamu kama mtu anayemvumilia mgeni. "Watu wanataka kuona hatua zimechukuliwa, Inspekta. Na mpaka kazi hiyo iishe, eneo lote la magharibi nimelifunga. Haruhusiwi mtu kuingia, hata askari wangu. Usalama kwanza."

Inspekta alichutama. Akageuza matunda kwa kijiti, moja baada ya jingine. Hakuna lililong'atwa. Chini yake ilikuwa imeota miche mingi, myembamba, ya njano, imesongamana kama watu wanaogombea dirisha moja.

"Tembo hawayapendi haya?"

"Wanayapenda kufa! Msimu ukifika wanatembea mwendo mrefu kuyafuata."

"Aa," Inspekta alisema, akainuka. "Koplo, tia kile kinyesi kwenye mfuko."

"Chote, afande?"

"Chote."

Macho ya Mkuu yaliufuata ule mfuko mpaka ulipofungwa.

Mjane aliwapokea kwenye chumba cha mbele. Wifi yake alikaa karibu naye kwenye mkeka, amemshika mkono. Inspekta alivua buti mlangoni, akatoa pole, akakaa chini kama wao.

"Dada, sitakuchosha. Marehemu alikuwa na banda la kuku analojenga?"

"Kuku? Mume wangu na nyundo walikuwa hawasalimiani. Mguu wa meza ile umevunjika mwaka mzima, tumeuegemeza tofali."

Ilikuwa kweli. Koplo aliuangalia mguu, akalitazama tofali.

"Wamekuambia nini kuhusu kifo chake?"

Wifi ndiye aliyejibu. "Wamekuja watu wa kituo wakasema alikuwa amelewa. Kwamba aliingia mahali alipokatazwa, akaona tembo, akatupa bunduki akakimbia. Wamelisema hilo mbele ya waombolezaji."

"Alikuwa anakunywa?"

"Huyu?" mjane alisema. "Hata soda ilikuwa inampa kiungulia." Akajifuta uso kwa ncha ya khanga. "Lakini kuna jambo, bora ulisikie kwangu. Waligombana na kaka yangu. Kaka yangu anatega wanyama. Mume wangu alimwambia, shemeji au si shemeji, nikikukuta na mtego nakufunga. Kaka akamwambia tutaona."

Nje, Koplo alikuwa tayari anafungua mlango wa gari. "Tumempata, afande. Ugomvi, kitisho, na mtu anayeujua msitu."

"Twende tukamwone. Ila usimfunge pingu kwa macho kabla hujamsikia."

Walimkuta kaka wa mjane amekaa kwenye kiti kifupi mbele ya kibanda, anashona soli ya kiatu. Hakukimbia. Alichomeka sindano kwenye ngozi, akasubiri.

"Shemeji yako amekufa na wewe unashona viatu," Koplo alianza.

"Viatu ndiyo kazi yangu sasa, afande."

"Tumeambiwa unatega."

"Nilikuwa natega. Sasa nitege nini? Panya?" Aliweka kiatu chini. "Zamani nilikuwa naweka mtego jioni, asubuhi nina paa au nungunungu. Nikawa nakuta mtupu. Nikasogea ndani, mtupu. Nikasema labda mkono wangu umelaaniwa. Kumbe msitu wenyewe umekimbiwa. Ukienda upande wa magharibi unasikia mashine mchana kutwa. Mnyama gani atakaa hapo? Hata ndege hakuna. Unatembea unasikia viatu vyako tu."

"Mashine gani?" Inspekta aliuliza.

"Misumeno. Nilimwambia shemeji. Nilimwendea mwenyewe, ugomvi tukaumaliza. Nikamwambia, wewe unanihangaikia mimi na kamba yangu, kuna watu wanabeba msitu mzima kwa trekta. Akaniambia, nitakwenda kuona." Aliwanyooshea mikono miwili. "Mimi ndiye niliyempeleka huko, afande. Ukitaka kunifunga kwa hilo, haya."

Siku ya kifo alikuwa zahanati na mwanawe mwenye homa, kutwa nzima mpaka giza. Koplo alipiga simu. Muuguzi alimkumbuka vizuri, maana aligombana naye kuhusu foleni.

"Basi si yeye," Koplo alisema akirudisha simu mfukoni, kwa huzuni ya mtu aliyenyang'anywa sahani.

"Si yeye. Lakini ametupa mashine. Endesha."

Nyuma ya kituo cha misitu kulikuwa na chumba chenye meza ndefu, sinki na rafu za chupa. Hapo alifanya kazi mtafiti mmoja, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Askari wa msitu walimwita Daktari wa Mavi, na alikuwa akiitika. Alipouona mfuko wa Inspekta, uso ulimchangamka.

"Zawadi yangu?"

"Nataka kujua mwenye nacho ametoka wapi."

Daktari alimwaga kinyesi kwenye chekeche, akafungua bomba. Maji yalipita ya kahawia, kisha ya njano, kisha meupe. Kilichobaki juu ya wavu alikitandaza kwa koleo ndogo: nyasi ngumu, mchanga, na vipande vya maganda vinavyong'aa.

"Mahindi," alisema. "Huyu amelala shambani kwa mtu. Mashamba yako ng'ambo ya mto, mwisho kabisa wa msitu. Upande huu hupati mahindi hata kwa dawa."

"Hawezi kula kule akaja kuyatoa huku?"

"Zamani, ndiyo. Walikuwa wanavuka kila msimu. Ilipokatwa barabara ya magogo katikati ya msitu, wakakoma. Kelele, watu, risasi. Sijaona tembo upande huu tangu barabara ile ipite. Na nimemtafuta, maana ndiyo kazi yangu."

"Nilishuku hivyo," Inspekta alisema. "Mkuu mwenyewe kaniambia tembo wanayapenda yale matunda kufa. Nikajiuliza, tembo gani huyu anayesimama katikati ya chakula anachokifuata mwendo mrefu, anaua mtu, anajisaidia, halafu anaondoka bila kuonja hata tunda moja?"

Daktari alifunga bomba. "Ukichoka upolisi, njoo nikuajiri."

"Mbona matunda ni mengi vile?"

"Kwa sababu hayana mlaji. Mbegu yake ni kubwa, hakuna mwingine anayeweza kuimeza. Tembo alikuwa anaimeza, anaibeba mbali, anaiacha mahali penye nafasi na mbolea yake juu. Sasa inaangukia miguuni pa mama yake, inaota hapo hapo, inakosa mwanga, inakufa. Ukiuangalia msitu huu kutoka kwenye ndege utasema mzima, kijani tupu. Ingia ndani. Ni nyumba ya wazee watupu, hakuna mtoto." Aligonga chekeche. "Halafu ona, hakuna mdudu ndani. Msitu ungekuwa na afya, wale wadudu wanaoviringisha mavi wangekuwa wamekimaliza kabla hujavaa buti. Wanyama wakipungua, na wadudu wao wanaondoka. Hondohondo nao hivyo hivyo. Wanataga kwenye matundu ya miti mikubwa, na miti mikubwa ndiyo inayotakiwa na misumeno. Anaondoka mmoja, nyuma yake wanaondoka wengine waliomtegemea."

Inspekta alitoa bahasha ya hospitali. "Na hii?"

Daktari alimimina ule unga mwekundu kwenye kiganja, akanusa, akauweka chini ya kioo cha kukuza. Alikaa nao muda.

"Hii ni mbao ya mti mgumu mwekundu. Sehemu nyingine zote ulishamalizwa. Umebaki eneo la magharibi tu, na huko hakuna kibali cha kukata hata fimbo."

"Umefika huko karibuni?"

"Nilifunga kamera zangu huko, zinazopiga picha mnyama akipita. Zote zikaibwa. Nikalalamika kwa Mkuu. Akaniambia ni nyani."

"Kamera zilikuwa zimefungwa na nini?"

"Skrubu."

Koplo hakujizuia. "Basi hao nyani wana bisibisi."

"Ndivyo nilivyomjibu," Daktari alisema. "Hakucheka."

Asubuhi iliyofuata wapiga risasi walikuwa wakipakia vitu kwenye gari lao mbele ya kituo. Inspekta alipita bila kuwatazama, akaenda moja kwa moja kwenye banda la lori. Dereva wa kituo, kijana mwenye mabega mapana waliyemwita Gia, alikuwa akipangusa taa. Ndiye aliyetoa taarifa ya maiti.

"Lori linang'aa," Inspekta alisema.

"Usafi, afande."

"Matope yote haya ya msimu, magari yote ya kituo yana rangi moja, lako peke yake limeoga. Uliliosha lini?"

"Siku... siku ile."

"Ile uliyomkuta mwenzako amekufa? Kabla ya kutoa taarifa au baada?"

Gia alipangusa taa iliyokwisha pangusika.

"Koplo," Inspekta alisema, "ingia chini."

Koplo aliliangalia tumbo lake, akaliangalia lori, akavuta pumzi akalala chali. Walimsikia akiguna na kugonga. Alipotoka alikuwa na matope mpaka kwenye nyusi, na kwenye kiganja ameshika donge lililokwanguliwa kwenye upenyo kati ya mbao za bodi. Maji hayakuwa yamelifikia. Lilikuwa unga mwekundu ulioshikana na kinyesi, na ndani yake maganda ya mahindi.

Walimhoji kwenye stoo, kati ya majembe na makopo ya rangi.

"Ulimkuta ukitoka wapi?"

"Nilikuwa natembea tu."

"Dereva anatembea msituni alfajiri, lori kaliacha?"

"Lilikuwa bovu."

"Bovu nini?"

"Gia."

"Gia kaharibikiwa na gia," Koplo alisema. Hakuna aliyecheka.

"Kinyesi ulikikuta kikoje?" Inspekta aliendelea.

"Kibichi, afande. Kinafuka moshi kabisa."

"Na mwenzako?"

"Alishakakamaa."

"Kwa hiyo tembo alimuua jana yake, akakaa naye mpaka asubuhi, ulipokuja wewe ndipo akaenda haja."

Gia aligeuza uso kuelekea dirishani, kwenye ofisi ya Mkuu.

"Usimtazame yeye. Nitazame mimi. Hili limetoka kwenye lori lako. Huu ni unga uliokuwa kwenye nywele za marehemu. Rangi moja, mti mmoja. Unaweza kuubeba mzigo huu peke yako, una mabega. Au useme."

"Mimi nilikuwa kwenye usukani tu."

"Wa lori?"

"Wa trekta."

Baada ya hapo maneno yalimtoka kwa kasi, kama gari lililokatika breki. Walikuwa wakivuta gogo kwa mnyororo kwenye mteremko, eneo la magharibi. Marehemu alitokea peke yake, akasimama mbele ya gogo, akawaambia wazime. Mkuu wa Kituo alikuwa ameketi kwenye kisiki.

"Akaniambia, vuta, atatoka mwenyewe. Nikavuta. Gogo likageuka likamlalia."

"Na tembo?"

"Wazo lake. Kwanza alisema tuwasingizie majangili. Kisha akasema tembo ni bora, tembo haendi mahakamani. Maiti tukaileta kwa lori chini ya mti ule, nami nikatumwa ng'ambo ya mto nikazoe mavi. Akasema tembo wakishapigwa, watu watakuwa na la kuzungumza, na eneo limefungwa, tutafanya kazi kwa nafasi." Alifunika uso. "Alikuwa ananiita mdogo wangu, afande. Yule marehemu."

Nje, injini ya gari la wapiga risasi ilikuwa imeshawashwa. Mkuu alisimama karibu na dirisha la gari hilo, anampa maelekezo kiongozi wao, mzee mkavu mwenye mvi fupi.

"Zima gari," Inspekta alisema.

Mkuu aligeuka. "Inspekta, wamechelewa hawa."

"Hawaendi. Muuaji hayuko ng'ambo ya mto. Wewe uliketi kwenye kisiki ukaamrisha trekta ivute, na mtu amesimama mbele."

Fimbo ya Mkuu ilitulia hewani. Kisha akacheka, akiwageukia wapiga risasi kama anayewaomba wacheke naye. "Mnamsikia? Utanipeleka mahakamani kwa mavi?"

"Kwa mavi, kwa unga wa mbao, na kwa mdomo wa dereva wako."

"Unajua nikipiga simu moja tu—"

"Utapiga kutoka kwangu. Simu ninayo, yenye chaji." Alinyoosha mkono, akaichukua simu iliyokuwa mkononi mwa Mkuu. "Koplo."

Pingu zilipobana, mzee wa bunduki alishuka kwenye gari taratibu. Akafungua silaha yake, akatoa risasi, akazitia mfukoni.

"Mimi niliitwa kumpiga muuaji," alisema. "Naona mmeshamkamata. Vijana, teremsheni vitu."

Huko magharibi bado hawakuwa na habari. Misumeno ilisikika tangu mbali, na mtu hakuhitaji kuongozwa. Inspekta aliifuata sauti, Daktari wa Mavi pembeni yake, Gia katikati ya polisi wawili. Kivuli kilikatika ghafla, wakatokea kwenye jua kali. Mahali pote palikuwa visiki vyekundu, vibichi, na matawi yaliyokaukia chini. Wafanyakazi walipoona sare, mmoja alizima, wa pili akazima, mpaka wa mwisho. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito. Daktari aliinua kichwa, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Hakuna kitu," alisema. "Hata ndege mmoja."

Gogo lilikuwa bado pale kwenye mteremko, limefungwa mnyororo. Kwenye gome lake, chini, Inspekta alikuta kipande cha kitambaa cha kaki na kifungo. Alikipiga picha, akakitia kwenye mfuko.

"Alisimama wapi?"

Gia alionyesha. Inspekta akaenda akasimama hapo. Kulia palikuwa na nafasi ya kutosha mtu mzima kupita, kushoto vilevile.

"Alikuwa na pa kukimbilia."

"Ndiyo."

"Hakukimbia?"

Gia alitikisa kichwa.

"Maneno hayo," Inspekta alisema, "hutayasema kwangu tu."

Mchana ule Inspekta alimpeleka Gia na pingu zake mpaka nyumbani kwa marehemu. Koplo alinong'ona kwamba haikuwa kawaida. Inspekta akamjibu kwamba analijua hilo. Mjane alikuwa mkekani na wifi yake, na kaka yake mshona viatu amesimama mlangoni, ngumi zimekunjwa. Inspekta alimwekea kaka huyo mkono begani, naye akabaki alipo.

Gia alisema yote, macho yake sakafuni. Marehemu hakuwa amelewa. Hakutupa bunduki. Hakukimbilia kokote. Wifi alilia kwa sauti. Mjane hakulia. Alisubiri amalize, kisha akauliza jambo moja.

"Aliwaambia nini?"

"Alisema, 'Zimeni.'"

"Basi?"

"Basi. Nilifikiri atapiga kelele, atatukana. Alisema hivyo tu, akasimama."

Mjane aliitikia kwa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, uso wake ulilegea.

"Ndiye yeye," alisema. "Hata redio humu ndani, akikuambia zima, hasemi mara mbili."